Mwaka Nilipokuwa Pua ya Ostad

Msimu ule wa maradhi ya barakoa, London nzima ilipojifungia ndani, nami niliugua kama walivyougua wengi, nikajaaliwa kupona. Sikulazwa. Kifua kilibana siku nne kikaachia. Lakini asubuhi ya siku ya tano nilitia iliki kwenye chai, nikainua kikombe, na ndani ya kikombe hamkuwa na kitu. Maji ya moto, basi. Nikafungua kopo la karafuu nikaliinamia kama mtu anayechungulia kisima: kimya. Nikaunguza mkate makusudi mpaka ukawa mkaa. Moshi nikauona, harufu sikuisikia. Mjukuu wangu, aliyekuwa akiniachia vyakula mlangoni, alinipigia simu akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba yatapita, bibi, kila mtu anasema yatapita. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba najua, si mara yangu ya kwanza kuishi na pua iliyokufa. Hakuelewa nilichokusudia, na simu si mahali pa hadithi ndefu. Pua yangu ilirudi baada ya wiki tatu. Lakini katika wiki tatu zile, peke yangu katika nyumba hii ya Lewisham, nilishinda na Ostad Karim, ambaye ni marehemu miaka mingi sasa, na mwaka mmoja ambao mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili.

Ya nyumbani Unguja, na yaliyotutoa, nimeyaeleza kwingine na hapa sitayarudia. Itoshe kusema ulikuwa mwaka wa nne tangu Mapinduzi, na nilikuwa nimepanga chumba Stratford pamoja na Kusum, Mhindi wa Unguja, mtoto wa mjini kama mimi. Yeye alikuwa Mhindu, mimi Muislamu. Yeye hali hata yai, mimi siku isiyo na samaki naiona haijaisha. Tulipatana kwa sababu sote wawili tuliota kwa Kiswahili. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, beseni la kunawia uso, jiko la parafini la kuotea moto, na dirisha linalotazama bustani ya jirani aliyependa kabichi kuliko watu. Mwenye nyumba, bibi wa Kiingereza asiye na ubaya, alikuwa na sharti moja tu: hakuna kukaanga vitunguu. Vitunguu, alisema, huingia kwenye mapazia. Basi tukaishi kwa viazi vya kuchemsha na mkate, na Kusum akawa anasema, "Shoga, siku nikisikia harufu ya kitunguu kinachopigwa jeki na thomu, nitaanguka chini kama mtu wa ngoma."

Si yeye aliyeanguka, ni mimi. Nilikuwa nashona vifungo katika kiwanda kidogo cha makoti, na njia yangu ilipita mbele ya mkahawa mmoja wa Kihindi. Asubuhi moja ya baridi mlango ulikuwa wazi, mtu anafagia kizingiti, na kutoka ndani ikaja harufu yenyewe: kitunguu, thomu, tangawizi, mafuta yaliyoiva. Nikasimama. Watu wakanipita kulia na kushoto. Yule mwenye ufagio, mtu mwembamba aliyevaa tai hata kwa kufagia, akaniuliza kwa Kiingereza, "Bibi, umepotea?"

"Hapana," nikasema. "Nanusa."

Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Huyo alikuwa Bwana Matin, mwenye mkahawa. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Zanzibar, akasema meli yake iliwahi kutia nanga kule, na mji mzima ulinukia karafuu. Kisha akauliza kama naweza kumenya vitunguu, magunia kwa magunia, bila kulalamika macho. Juma lililofuata niliwaachia wenyewe vifungo vyao.

Mkahawa ulikuwa na jina la mfalme fulani wa Kihindi. Hakuna aliyefanya kazi pale aliyemjua mfalme huyo, na hakuna aliyetoka India. Bwana Matin na watu wake wote walikuwa wa Sylhet, upande ambao siku hizo ulikuwa Pakistani ya Mashariki na leo ni Bangladesh. Nilimuuliza mbona basi ubao wa nje unasema chakula cha Kihindi. "India Mwingereza anaijua," akanijibu. "Nikimwambia Sylhet atadhani ni ugonjwa." Yeye mwenyewe alikuja kwa meli, si abiria bali mtia makaa, kule chini kabisa ambako watu hawaoni bahari wanayoivuka. Vita vilipokwisha alishuka bandarini asirudi tena melini. Baada ya miaka, yeye na binamu zake wakachukua mkahawa wa chipsi ambao kuta zake zilikuwa zimepasuliwa na mabomu, wakaendelea kuuza samaki na chipsi, na chini kabisa ya menyu akaandika kari kwa penseli, kama mtu anayeuliza swali. Wateja wakajibu ndiyo. Nilipoingia mimi, kari ndiyo iliyokuwa juu kwa wino, na ukutani pamebandikwa karatasi nyekundu zenye manyoya kama mahameli, lakini chipsi hazikuwa zimehama. Makarani na mafundi wa reli walikuja mchana wakaagiza "nusu kwa nusu", maana yake sahani moja ya kari yenye wali upande huu na chipsi upande ule. Mara ya kwanza kuiona nilisema astaghfirullah. Mara ya kumi nilikuwa naila mwenyewe, nimesimama.

Leo kila mtaa wa nchi hii una mkahawa wa namna ile, na vijana wanadhani uliota tu, kama uyoga. Mimi niliuona mmoja ukiwa bado haujajijua ni kitu gani. Ndiyo maana naandika.

Mpishi mkuu wote walimwita Ostad. Kwetu ustadhi ni mwalimu wa dini, kwa hiyo siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote, macho chini, nikamwomba aniombee dua. Akanitazama, kijiko kikubwa mkononi. Alikuwa mtu mnene wa miaka arubaini na kitu, ndevu zimekatwa vizuri, mikono ina makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko. Akainua kijiko akaomba dua, ndefu, kwa Kiarabu safi, wahudumu wakiwa wameziba midomo wasicheke. Kisha akaniambia kwa Kiswahili cha bandarini, maana alikuwa mpishi wa meli zilizopita Mombasa na Unguja miaka mingi, "Sasa wewe kata tunguu. Jiko hapana gusa." Kumbe Ostad kwao ni fundi mkuu tu. Lugha yetu jikoni ilikuwa hivyo: Kiswahili chake cha melini, Kihindi changu cha senema, na Kiingereza kilichobaki kujazia mashimo. Hapa nitayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa, si kama alivyoyavunja.

Miezi ya mwanzo sikugusa jiko. Nilimenya, nilikata, nilitwanga. Vitunguu vilichemshwa katika sufuria kubwa inayoweza kumwogesha mtoto, vikasagwa, vikawa mchuzi mama. Kari zote za menyu zilitoka katika mchuzi huo mmoja, hii ikiongezwa pilipili, ile malai ya maziwa, nyingine ndimu. Kitu alichokilinda Ostad kuliko vyote kilikuwa pua yake. Kila kopo alilofungua alilinusa kwanza, macho yamefumba. Saa tisa mchana mlango ukifungwa, tulikaa juu ya makreti nyuma ya jiko tukala chakula chetu wenyewe, ambacho hakikuandikwa kwenye menyu yoyote: samaki wa mchuzi mchachu, dengu, samaki mkavu wa ng'onda anayenuka mpaka mtaa wa pili, wali usio na rangi. Wateja walikula India ya kubuni huku mbele, na sisi huku nyuma tulikula kwetu. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na walinitengea kreti langu karibu na mlango, wakaniita dada, na kipande cha samaki chenye kichwa kikawa changu. Nimekaa kwenye meza nyingi tangu hapo, nyingine za vitambaa vyeupe. Kreti lile silibadilishi.

Januari Ostad akashikwa na homa ya mafua. Alilala juu ghorofani siku sita, akarudi amekonda, mkali. Mwanzo sikuona kitu. Lakini kulikuwa na kidirisha kati ya jiko na ukumbi, cha kupitishia sahani, na mimi nilikuwa nasimama chini yake nikikata, kwa hiyo nilisikia yote waliyosema wateja. Makarani wawili waliokuja kila siku walikuwa na mazungumzo yao ya hali ya hewa na wakubwa wao wa kazi. Siku hiyo mmoja akasema, "Hivi, kari hii leo si inanukia kama dawa ya meno?" Mwenziwe akatafuna kidogo. "Jana ilinukia kama majivu," akasema. "Heri hii."

Wiki hiyohiyo Ostad akaniagiza giligilani iliyosagwa. Makopo mawili yalikaa pamoja, giligilani na uzile, unga wa rangi moja ukiutazama kwa haraka, na mimi kwa haraka yangu nikamletea uzile. Akafungua. Akanusa, macho yamefumba kama siku zote. Akatikisa kichwa kuridhika, akachota kijiko kizima.

"Ostad," nikasema taratibu, "hiyo si giligilani. Ni uzile. Nimekosea mimi."

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Najua," akasema.

"Hukujua."

Akautazama mlango wa ukumbini. Akaenda akausukuma ukajifunga. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele, mtu mzima yule, kama aliyekatwa kamba. Akaniambia homa ilimwondoka ikaondoka na kila kitu. Chumvi aliisikia, uchachu aliusikia, ukali wa pilipili aliusikia. Vilivyobaki vyote vilikuwa sawa na kutafuna kitambaa. Alikuwa akipika kwa macho na kwa kumbukumbu. Nikamuuliza kama Bwana Matin anajua.

"Akijua, nimekwisha. Nani anaweka mpishi asiye na pua? Mke wangu na binti zangu wawili wanangoja karatasi za kuja. Miaka saba sijawaona, dada. Karatasi zinataka mume mwenye kazi." Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mpishi mkuu, mahali popote duniani, aliyewahi kumuuliza mmenya vitunguu: "Wewe pua yako ni nzima?"

"Ndiyo iliyoniingiza humu ndani," nikamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusimama jikoni. Kwa Bwana Matin tulisema Ostad bado ana udhaifu wa homa, anahitaji wa kumsaidia kukoroga. Kweli ni kwamba yeye alikuwa mkono na mimi pua. Aliniuliza kila dakika, "Sasa kinanukia nini?" na mimi ilinibidi nitafute maneno, kwa sababu "vizuri" kwake halikuwa jibu. Alinifundisha kwamba kitunguu kina harufu tano kabla hakijaungua, na kila moja ina kazi yake. Nilimwambia, "Kinanukia daftari jipya." Akasema, "Daftari jipya bado. Ngoja." Nikasema, "Sasa kinanukia njugu." "Njugu karibu. Usiondoke." "Sasa kinanukia sukari iliyoshika chini ya sufuria." "Hapo! Tia thomu!" Tukatunga kamusi yetu. Mdalasini mzuri ulikuwa "kabati la bibi arusi", mdalasini wa zamani "kabati la bibi". Manjano mabichi yalikuwa "ukuta uliopakwa chokaa jana". Mtu angetusikia angetuita wendawazimu. Lakini chini ya kidirisha nikawasikia wale makarani tena. "Wamebadilisha mpishi," mmoja akasema. Mwenziwe akajibu mdomo umejaa: "Wasimbadilishe tena."

Nikikumbuka miezi ile, Februari mpaka Mei, naona ilikuwa ndiyo furaha yangu ya kwanza katika nchi hii. Sikufurahia London, bado nilikuwa naiogopa, nilifurahia kutakiwa. Nilikwenda kazini nikitembea haraka. Kusum aliniuliza kama nimepata mchumba, nikasema hapana, nimepata kazi, naye akasema, "Macho hayo si ya kazi." Siri sikumwambia hata yeye. Niliona ni wema mkubwa kuificha, na nilijipenda kidogo kwa wema huo, kama vijana wanavyojipenda.

Mwezi wa sita kaka yake Kusum alikuwa aoe. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa na Wahindi wengine wa Kenya waliokuwa wakimiminika siku hizo, na mchumba wake vilevile. Kusum alimwomba Bwana Matin mkahawa kwa mchana wa Jumapili, watu arubaini, bila nyama, bila yai. Na hawakutaka kari ya makarani. Walitaka mbaazi za nazi, mahamri, na muhogo wa nazi. Bwana Matin alinitazama mimi. Ostad naye akanitazama mimi. Nikasema inawezekana.

Alhamisi kabla ya harusi nilichelewa, kwa kuwa Kusum na mimi tulipita sokoni kutafuta nazi kwa wauzaji wa kutoka Jamaika. Niliingia kwa mlango wa nyuma, mikono imejaa nazi, na nikakutana na gesi. Ilikuwa nzito, imejaa jiko lote mpaka kooni. Ostad alikuwa amesimama mbele ya jiko, amenipa mgongo, anaimba taratibu, kibiriti mkononi. Sikumbuki kutupa nazi, lakini baadaye zilikutwa zimetapakaa sakafuni. Nakumbuka kupiga ukelele, "Usiwashe!" na kumrukia mkono, na njiti zikimwagika kwenye ndoo ya maji. Nilifunga bomba la gesi, nikafungua milango yote miwili, nikamvuta nje uani kwa kola. Alikuwa bado haelewi. "Nini?" akawa anasema. "Nini, dada?" Juu yetu, ghorofani, dirisha la wahudumu lilikuwa wazi, na mmoja wao alikuwa amelala bado.

Bwana Matin alikuja mbio na tai yake. Uso ulikuwa umempauka. Alipopata pumzi, akauliza nani aliyesugua jiko jana. Nikasema mimi. Labda kitambaa changu kilivuta bomba, labda halikufungwa tangu mwanzo. Mpaka leo sijui. Kisha akamgeukia mpishi wake. "Na wewe Ostad, umesimama humo ndani. Hukusikia harufu?"

Nilimtazama Ostad, yeye, kupitia mlango uliokuwa wazi, akatazama njiti zikielea ndooni. "Ndiyo kwanza nilikuwa naingia," akasema.

Bwana Matin akaniambia nivue aproni. Hakunitukana. Alisema ana watu wanaolala juu ya jiko hilo na hawezi kukaa na mtu asiyekuwa mwangalifu. Ningeweza kusema. Neno moja tu lingetosha. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa nawaza uongo wa Ostad. Nilikuwa nawaza yule mhudumu aliyelala. Siri niliyoiona ni wema ilikuwa karibu ituzike sote. Nilikuwa nimemfichia mtu hatari nikaiita hisani, na tangu siku hiyo kila ninapoombwa kuficha jambo nauliza kwanza: nani amelala ghorofani?

Asubuhi ya pili, Ijumaa, mwenye nyumba akaja kunigongea. Alisema kuna bwana mmoja chini, amevaa koti la baridi katikati ya kiangazi, na ameniletea nazi. Ostad alipanda ngazi akasimama mlangoni kwetu, kapu la nazi mkononi, zote zile nilizozitupa, amezifuta moja moja. Kusum akamwekea kiti, akamwekea chai. Hakuinywa.

"Nimemwambia," akasema. "Jana sikuweza. Usiku sikulala. Alfajiri nikamwamsha nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alikaa kitandani, hajavaa hata miwani. Akauliza, tangu lini huna pua? Nikasema, tangu Januari. Akafikiri. Akasema, basi hiyo kari ambayo watu wanaisifu tangu Januari, kaipika nani? Nikasema, tumeipika wawili. Akanifokea nusu saa, dada, maneno ambayo baba yangu hakuwahi kuniambia, na yote ni haki. Kisha akasema, nenda kamlete." Akaweka kapu chini. "Mimi nilikuacha uanguke peke yako. Ukikataa kuja, nitarudi nimwambie umekataa na una haki."

Nilikuwa na hasira naye bado, na sitasema iliisha pale. Lakini Kusum, ambaye ndiyo kwanza anasikia habari yote hiyo, alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Zuhura," akasema, "watu arubaini Jumapili. Gombaneni Jumatatu."

Nikavaa viatu.

Bwana Matin alikuwa ameandika sharti ubaoni kwa chaki, kwa Kibangla na Kiingereza: hakuna kibiriti mpaka Zuhura aingie na kusema sawa. Alisema na mimi pia, uani, peke yetu. "Ulijua miezi mitano," akaniambia. Nikasema ndiyo. "Usirudie." Nikasema sitarudia. Ndiyo yote, na yalinitosha.

Jumapili ile mambo yaligeuka. Sufuria zilikuwa mpya, zisizowahi kuona nyama, na Ostad hakuwa anajua hata kimoja cha vile tulivyopika. Alijifunga aproni akasema, "Leo wewe kichwa, mimi mkono." Mbuzi ya kukunia nazi sikuwa nayo; tulizikuna kwa kikunio cha jibini, vidole vikatoka damu. Tui la kwanza tukaliweka, tui la pili likachemsha mbaazi. Muhogo ulikuwa umesafiri kutoka visiwa vya mbali ukiwa umepakwa nta, na nusu tuliutupa. Nilimfundisha kusukuma mahamri na kuyakata pembe tatu. Yalipovimba mafutani alicheka kwa sauti. Aliniuliza yananukia nini. Nikamwambia: iliki, nazi, na Jumapili. "Jumapili halimo kwenye kamusi," akasema. Nikamwambia alitie.

Kupitia kidirisha nilisikia kelele za harusi, Kiswahili na Kigujarati vikipandana, watoto wakijibu kwa Kiingereza. Sahani zikaingia. Kelele zikapungua, zikapungua, zikaisha. Niliogopa. Nikainama kuchungulia. Walikuwa wanakula. Mama mmoja mzee, shangazi yake bwana arusi, alikuwa amepasua hamri, amelichovya kwenye mbaazi, na alikuwa akitafuna pole pole huku ameshika meza kwa mkono wa pili. Kisha akasema kwa sauti, hakumwambia mtu yeyote, "Nani yuko jikoni?" Kusum akanivuta nje nilivyo, nywele zimejaa unga, na nyuma yangu mimi nikamvuta Ostad. Mama yule akatutazama wote wawili, Mswahili mwembamba na Mbangla mnene, akasema, "Mwanangu, haya ni ya kwetu." Nikamwambia, "Ndiyo, bibi." Nikamfasiria Ostad. Akaweka mkono kifuani.

Pua yake haikurudi mwaka ule. Miaka miwili baadaye ilianza kufufuka, nusu nusu, na cha kwanza alichokisikia kilikuwa parafini aliyoimwaga mtu ngazini; alishuka mbio akilia na kupiga makelele, "Inanuka! Inanuka!" kama aliyepata mtoto. Lakini hayo ni ya mbele. Katika mwaka ninaousimulia, mahamri yaliingia kwenye menyu, makarani wakayaita mito ya kulalia, na mimi nikapewa aproni yenye mfuko.

Oktoba, karatasi zikatimia. Mkewe, Rabeya, akaja na binti wawili waliovaa sweta tatu tatu. Ostad alikuwa amepaka rangi vyumba viwili vya ghorofani kwa ajili yao. Siku ya tatu Rabeya akapika chakula cha mchana, akanialika. Nilipanda ngazi na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa msichana mgeni niliyesimama na mume wake jikoni mwaka mzima. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alitandika mkeka, akaweka wali, akaweka samaki wa mchuzi mchachu. Kila mtu akakaa. Na Ostad, bila kufikiri, kwa mazoea tu, akachota mchuzi wa kwanza kwa kijiko akanyoosha mkono kunipa mimi nionje.

Binti zake walinitazama. Rabeya alikitazama kijiko. Ostad akagundua alichofanya, masikio yakamwiva, na hapo, juu ya mkeka, akamweleza mkewe kila kitu: homa, kopo la uzile, gesi. Alikuwa hajamwandikia hata mstari mmoja wa hayo. Rabeya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo refu, kwa haraka, na binti mkubwa akaziba mdomo.

"Anasemaje?" nikauliza.

Ostad akafasiri neno kwa neno, hana pa kukimbilia. "Anasema, mwaka mzima namwandikia kwamba chakula cha London hakina ladha. Anasema alizisoma barua hizo kwa majirani. Alidhani ni mapenzi."

Nilijaribu kutocheka nikashindwa. Rabeya akacheka kwanza kwa pua, kisha kwa bega, kisha tukacheka wote mpaka mtoto mdogo akapaliwa na wali. Alipojifuta macho akakichukua kijiko kutoka mkononi mwa mumewe, akanipa yeye mwenyewe, akasema neno moja. Hilo nililijua, lilikuwa neno la jikoni. Onja.

Nikaonja. Rabeya akasema tena, na Ostad akafasiri kwa sauti ndogo. "Anasema, miaka saba sijala chakula chake. Anasema unieleze."

Basi nikaweka kijiko chini, nikamgeukia Ostad, nikaanza kumweleza. Nilimwambia ndimu imetangulia lakini haikukaa. Nilimwambia samaki ni msafi, hana tope. Thomu iko pale pa sukari iliyoshika chini, palepale unapopataka. Kuna kitu cha kijani nisichokijua, kinanukia shamba lililonyeshewa asubuhi. Alikuwa amefumba macho, tonge mkononi, akitafuna pole pole na kutikisa kichwa kwa kila neno, na Rabeya, ambaye hakuelewa Kiswahili hata kidogo, alikuwa ameacha kula akimtazama mumewe usoni.